Historia Isionyeshwe Nusu

Mji wa Babati, ulio makao makuu ya Mkoa wa Manyara, ni mji wa njia panda. Atokaye Arusha kwenda Dodoma hana budi kuupitia, na aendaye Singida hapo ndipo anapogeuza njia. Juu yake umesimama Mlima Kwaraa, ambao vitabu vya zamani viliuita Ufiome, na chini yake limelala Ziwa Babati pamoja na viboko wake. Wamo humo Wagorowa, Wairaqw, Warangi, Wambugwe, Wadatoga na wengineo wengi waliofuata biashara na kazi. Sisi watu wa visiwani, tukiufika mji huu, kwa kawaida huuona katika dirisha la basi, tukanunua vitunguu na mahindi ya kuchoma, tukaendelea na safari zetu.

Safari hii tulikaa siku kadhaa. Tulialikwa kusikiliza shauri moja, na tumeona ni wajibu wetu kuwafikishia habari zake wasomaji wetu wa Unguja na Pemba, na vile vile wale ndugu waliokabidhiwa dhamana katika ofisi za Serikali za pande zote mbili za Muungano. Jambo lenyewe ni la Babati, lakini funzo lake ni letu sote.

Vijana wachache wa mji huo, baadhi yao wakiwa walimu na wengine mafundi wa kompyuta, wanataka kutengeneza programu ya simu ya kuwatembeza wageni na wananchi katika mahali palipotendeka maovu ya kihistoria. Namna ya kufanya kazi kwake ni rahisi kuieleza. Mtu husimama mahali, akainua simu yake kana kwamba anapiga picha. Simu hutambua mahali aliposimama kwa msaada wa satelaiti na kwa kuitazama sura ya nchi. Kisha, juu ya barabara au shamba analoliona kwa macho yake, kioo cha simu humwonyesha yaliyokuwapo hapo zamani: picha iliyopigwa wakati ule, mchoro wa jengo lililobomolewa, au sauti ya mzee anayeeleza. Ya jana yanawekwa juu ya leo, na mtazamaji anayaona yote mawili kwa pamoja.

Wapo watakaosema kwamba huo ni mchezo wa watoto wa mjini. Kweli, ulimwengu uliijua kazi hii kwa wingi kupitia mchezo. Mwaka 2016 mamilioni ya watu walikuwa wakizunguka mitaani na simu wakiwasaka wanyama wa kubuni wa mchezo uitwao Pokémon Go. Mwaka ule ule, wasimamizi wa makumbusho ya Auschwitz huko Poland, na wa makumbusho ya mauaji ya Wayahudi mjini Washington, walilazimika kuwaomba watu wasije kuwinda vikaragosi hivyo mahali pa maombolezo. Hiyo ndiyo hatari ya kwanza, nayo si ndogo. Lakini mwaka 2020, katika kambi ya zamani ya mateso ya Dachau nchini Ujerumani, chombo kile kile kilitumika kwa adabu: mgeni alisimama uwanjani, simu ikamwekea picha za mwaka 1945 mahali hasa zilipopigwa, siku kambi ile ilipokombolewa. Kwa hiyo chombo hakina lawama. Kisu humenya chungwa na kisu huua. Anayeulizwa ni mwenye mkono.

Tuliwauliza vijana wa Babati wanakusudia kuonyesha nini. Wakatutajia vituo vitatu.

Kituo cha kwanza ni barabara yenyewe. Mwezi Aprili mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali van Deventer yalishuka kutoka upande wa Arusha, yakawafukuza Wajerumani Ufiome, kisha yakaendelea hadi Kondoa-Irangi, ambako mapigano makali yalifanyika mwezi wa Mei. Mvua za masika ziliyafanya magari kuzama katika tope, na farasi wakafa kwa maradhi. Basi mzigo wa mabeberu wawili waliokuwa wakigombea nchi isiyo yao ukashushwa juu ya vichwa vya Waafrika. Pande zote mbili ziliwakamata watu kwa maelfu kuwa wapagazi. Walitolewa bara, walitolewa Kenya na Uganda, na walitolewa hata kwetu Unguja na Pemba. Walikufa kwa kuhara, kwa homa ya mapafu, kwa njaa na kwa uchovu. Hesabu rasmi za Waingereza zilikiri vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi wao peke yao, na wanahistoria wanakisia kwamba idadi ya kweli inaizidi hiyo mara mbili au zaidi.

Mwingereza aliyeanguka katika vita ile ana jiwe lenye jina lake. Mpagazi hana. Mwezi Aprili mwaka 2021, ile tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake kwamba Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ndugu msomaji wa Makunduchi au wa Wete, huenda babu wa babu yako ni mmoja wao. Huenda mifupa yake imo kando ya barabara hii ya lami tunayoipita kwa basi tukila mahindi.

Kituo cha pili ni cha miti ya kunyongea. Miaka michache kabla ya vita hiyo, utawala wa Kijerumani uliwanyonga viongozi wa Wadatoga wa nchi ya Hanang na Singida, akiwamo Gidamowsa, aliyeheshimiwa na watu wake kwa uongozi wa mambo ya dini na utabiri. Shabaha ilikuwa kuwakata watu kichwa ili mwili ukose kusimama. Ndivyo mabeberu hao walivyofanya Kilimanjaro mwaka 1900, walipomnyonga Mangi Meli wa Moshi pamoja na wenzake, na ndivyo walivyofanya Songea mwaka 1906, walipowanyonga mashujaa zaidi ya 60 wa Vita vya Maji Maji kwa siku moja. Moshi na Songea zinajulikana, na kwa haki. Songea ina makumbusho yake na siku yake ya kumbukumbu kila mwezi Februari. Lakini msiba wa Wadatoga haumo vichwani mwa watoto wetu, kwa kuwa waliofikwa nao walikuwa wafugaji wachache wasio na mwandishi wa kuwaandikia.

Juu ya vituo hivyo viwili, kikao tulichohudhuria hakikuwa na ubishi. Makofi yalipigwa. Kumlaani mkoloni ni jambo jepesi. Amekwisha ondoka, wala hayumo katika orodha ya mialiko.

Ubishi uliingia katika kituo cha tatu.

Ukishika barabara ya Singida ukaipita Katesh, chini ya Mlima Hanang, unaifikia nchi ya Basotu. Hapo, kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, Taifa letu likisaidiwa na Kanada lilianzisha kilimo kikubwa cha ngano. Shirika la umma la kilimo na chakula, NAFCO, lilifungua mashamba saba, ambayo kwa jumla yalichukua takriban ekari 100,000. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: Taifa lijilishe, lisiombe mkate. Nasi tusiwe wepesi wa kuwacheka waliotutangulia, kwa maana waliiona njaa ya mwaka 1974 kwa macho yao, hali sisi wa leo tunaisoma vitabuni.

Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa malisho ya Wabarabaig, ambao ni Wadatoga, na tena ilikuwa yale malisho bora ambayo mfugaji huyaweka akiba na kuyarudia kwa majira. Zaidi ya hayo, humo yalikuwamo makaburi. Wadatoga humheshimu mzee mwenye daraja kwa maziko makubwa ambayo huendelea kwa miezi mingi, na kaburi lake, waliitalo bung'eda, hujengwa likawa kilima, nalo huwa mahali pa kuabudu na pa kukumbuka kwa ukoo mzima. Matrekta yalipopita, yalipita pia juu ya makaburi hayo. Njia za kuendea maji na malisho ya chumvi zilifungwa. Waliokutwa mashambani na ng'ombe wao walitozwa faini, na wapo waliopigwa.

Wananchi walikwenda mahakamani, kama raia wema wanavyotakiwa kufanya. Mwaka 1981 Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji 67 walifungua kesi, na mwaka 1984 Mahakama Kuu ikawapa haki. NAFCO ikakata rufani, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile, ikisema kwamba kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi hiyo kwa mujibu wa sheria. Mwaka 1993 Serikali yenyewe iliunda tume kuchunguza malalamiko ya kuvunjwa kwa haki za binadamu katika mashamba hayo. Baadaye shirika likafa, mashamba mengine yakauzwa na mengine wakagawiwa wananchi. Ngano iliyokusudiwa kulilisha Taifa haikulilisha, na vilima vya wazee havikurudi.

Mambo haya si siri. Yamo katika kumbukumbu za mahakama. Pamoja na hayo, ofisa mmoja kikaoni, mtu mstaarabu na mwenye nia njema, alisimama akashauri kwamba kituo cha tatu kiachwe. Alisema programu inahusu makosa ya wakoloni. Kwamba wageni wasipewe silaha ya kutusema. Na kwamba hakuna faida ya kufukua makaburi.

Kwa muda hapana aliyesema neno. Kisha mzee mmoja wa Kibarabaig, aliyekuwa amekaa nyuma na fimbo yake baina ya magoti, akaomba ruhusa. Hakuinua sauti. Alisema, "Mwanangu, la baba yangu sisi hatulifukui. Lilikwisha fukuliwa kwa trekta. Tunaomba tu lionyeshwe lilikuwa wapi."

Tumeyafikiri maneno hayo tangu siku hiyo, nasi hatukupata jibu la kuyapinga.

Sisi wa makamo haya tulizaliwa wakati mashamba yale yakilimwa. Asubuhi tulikwenda chuoni kusoma Kurani, mchana tukaenda skuli ya Serikali. Na wale mabwana wawili, maalimu wa chuo na mwalimu wa skuli, waliokuwa wakitofautiana kwa mengi, walikubaliana kwa hili: kwamba ushahidi ni amana, na mwenye kuuficha amekula amana ya mtu. Baadaye Chama kilitulea kwa ahadi ya kusema kweli daima, kwamba fitina kwetu ni mwiko. Hapana palipoandikwa kwamba kweli hiyo husemwa juu ya Mjerumani tu.

Hapa hatuna budi kujitazama na sisi wa visiwani, tusije tukaonekana tumevuka bahari kwenda kuwafunza watu wa Manyara wakati nyumba yetu haijafagiwa.

Kwetu utalii wa maovu ya kale ni biashara ya siku nyingi. Kila asubuhi wageni wanaongozwa Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa kwa mkataba wa mwezi Juni mwaka 1873, wakati wa Sayyid Barghash. Wanashushwa katika vyumba vya chini, vyenye giza na minyororo, wakaambiwa kwamba humo ndimo watu walimosongamanishwa wakingojea kuuzwa. Wageni hulia. Lakini wapo wanahistoria, wa kwetu wenyewe, wanaosema kwamba jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa, na vyumba vyake ni vya wakati huo. Vivyo hivyo kisiwa cha Changuu. Wageni wanakiita kisiwa cha gereza, na hufurahia kupiga picha katika seli. Gereza lilijengwa kweli mwaka 1893, lakini halikuwekwa wafungwa. Liligeuzwa kuwa karantini ya watu waliohofiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza.

Je, hilo lina maana kwamba hapakuwa na utumwa? Hasha! Soko lilikuwapo, watu waliuzwa, mashamba ya karafuu yalipandwa na kupaliliwa kwa jasho lao, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja na Pemba hadi mwaka 1897. Kwa kuwa jambo ni la kweli, ndiyo maana halihitaji kutiwa chumvi. Anayepinga akikuta uongo mmoja, atautumia kuukana ukweli wote. Chumba kisichokuwa cha watumwa, kikiitwa cha watumwa, kinawadhulumu watumwa wenyewe. Na sasa fikiri, ndugu msomaji, simu ikiingia kazini. Maneno ya mtembezaji yanasikika yakapotea. Picha iliyowekwa ndani ya simu inaonekana kwa macho, nayo macho huamini upesi kuliko masikio.

Tena ukweli utuhimize tuseme zima. Mtembezaji wetu hupenda kusema habari za Mwarabu aliyeuza, akawasahau Mfaransa aliyenunua kwa mashamba ya visiwa vyake, Mhindi aliyekopesha fedha, na Mswahili na Mnyamwezi walioongoza misafara. Na ziko kurasa nyingine za visiwani, za karibu zaidi, ambazo mpaka leo tunazisoma kwa sauti ya chini. Hatusemi zisomwe zote kesho. Tunasema tu kwamba aliyezoea kusoma nusu ya ukurasa hatajua siku ya kuufikia mwisho.

Kwa hiyo rai yetu kwa vijana wa Babati, kwa viongozi wa mkoa huo, na kwa wale wenye dhamana ya mambo ya kale na utalii Bara na Visiwani, ni kama ifuatavyo.

Kwanza, vituo vyote vitatu viwekwe. Lakini kila kimoja kiitwe kwa jina lake. Kunyonga viongozi ili kuitawala nchi ya watu, na kosa la Taifa changa lililotaka kujilisha likawakanyaga raia wake, si mambo ya uzani mmoja, wala haitakuwa haki kuyapima kwa kibaba kimoja. Programu ieleze nia, ieleze kitendo, ieleze matokeo, na iweke hukumu zote mbili za mahakama, ile ya mwaka 1984 na ile iliyoitengua. Mtazamaji ana akili, aachiwe apime.

Pili, kisionyeshwe kitu bila ushahidi. Palipo na picha ya kweli iwekwe picha, na palipo na mchoro wa kukisia paandikwe wazi kwamba huo ni mchoro wa kukisia. Wanyongwaji wasichorwe wakitapatapa ili mgeni asisimke. Mwili wa marehemu ni wa heshima, awe amekufa jana au mwaka 1908.

Tatu, wenye msiba waulizwe kwanza. Wazee wa Kidatoga ndio waamue ni mahali gani paonyeshwe na mahali gani pasitajwe kabisa, kwa maana kaburi likioneshwa katika kila simu huweza kuvamiwa na wachimba mali. Sauti za wazee zikirekodiwa, zibaki mali yao na ya jamaa zao. Nchi yetu inayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zitumike zote mbili, zisikae kabatini.

Nne, programu iseme Kiswahili kabla ya lugha yoyote ya mgeni, na ifanye kazi hata pasipo intaneti, kwa kuwa huko Basotu mtandao huja na kuondoka kama mvua ya vuli. Na kwa mwanafunzi asiye na simu ya aina hiyo, kiwepo kijitabu na kibao cha maandishi barabarani. Maarifa yakiwa ya mwenye simu ya bei kubwa peke yake, tutakuwa tumezidisha tabaka badala ya kulipunguza.

Tano, fedha itakayopatikana igawanywe hadharani. Vijiji ambavyo msiba wao unaonyeshwa viwe na fungu linalojulikana, na vijana wa hapo wapewe kazi ya kutembeza. Kulipisha watu kutazama jeraha la mwingine, na mwenye jeraha asipate hata senti ya dawa, ni unyonyaji, hata kama unafanywa kwa satelaiti.

Tunamalizia kwa jambo lililofanyika si zamani. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea mbele ya vizazi vya mashujaa wa Maji Maji, akaomba msamaha kwa yale waliyoyatenda Wajerumani. Mwaka huo huo, uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,000 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki na kuwekwa Berlin uliwezesha baadhi ya jamaa za Kilimanjaro kujua, kwa kipimo cha vinasaba, kwamba mababu zao wamo humo. Sote tulifurahi, na wengi wetu tulisema kwamba maneno peke yake hayatoshi, mafuvu na yarudishwe. Tulikuwa na haki ya kusema hivyo, na bado tunayo.

Lakini Taifa linalomtaka jirani akiri makosa yake halina budi kuwa na ulimi wa kukiri yake. Mzee yule wa Babati hakudai fidia mbele yetu, wala hakumtaja mtu kwa jina. Aliomba jambo moja: ionyeshwe mahali kilipokuwa kilima cha baba yake. Hatuoni ofisi yoyote ya umma, iwe Babati, Dodoma au Unguja, itakayopungukiwa kitu kwa kumkubalia. Mficha uchi hazai, na Taifa lifichalo aibu yake halizai haki.